Kikohozi cha Njiani

Dirishani kwangu kuna chupa za dawa ya kifua, zimejipanga kama watoto wa shule mstarini. Nyingine nyekundu, nyingine rangi ya chai. Zote kaninunulia Vaileti, mke wa mjukuu wangu. Kila akienda Mafinga lazima arudi na moja. Na mimi nyie wenzangu, kifua changu kizima kabisa. Kile kilima cha kwenda kanisani hapa Igowole nakipanda naimba, vijana wananiacha nyuma kwa aibu tu.

Tatizo nakohoa. Nikitaka kuingia sebuleni, bado niko koridoni, koh-koh. Nikipita karibu na bafu, koh. Nikikuta mlango wa mtu umerudishiwa, koh-koh. Basi siku moja Vaileti kanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma kanishika kiuno kama mzigo wa mkaa, mpaka zahanati. Nikapimwa makohozi, nikasikilizwa mgongo. Daktari akasema, "Bibi yuko fiti."

Vaileti hakuridhika. "Dokta, hujamsikia nyumbani. Huyu akikaribia mlango tu, anabanwa."

Nilicheka mpaka kilemba kikadondoka. Anabanwa! Ni kweli, nabanwa. Ila siyo na ugonjwa. Nabanwa na babu yangu.

Mimi siyo mtu wa huku. Huku nimeolewa, Kihehe nilijifunzia shambani kwa mama mkwe, na mpaka leo wananicheka nikisalimia. Kwetu ni kule milimani Tukuyu, upande wa Mbeya, ambako mvua inanyesha mpaka unasahau nguo kavu inanukaje. Migomba mpaka mlangoni. Asubuhi ukitoka nje ukungu umekaa kwenye majani, matone yanadondoka tap, tap, hata kama mvua imekata. Mimi nikisikia harufu ya jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto, hata leo hii, nageuka kuangalia nani kanishika bega.

Kipindi hicho meno yangu ya mbele yalikuwa yamedondoka, mapya hayajaota. Baba alikuwa migodini, huko kusini, mimi namjua kwa blanketi alilotuma tu. Bibi alishafariki. Tulikuwepo mimi na mama kwenye nyumba yetu, na ng'ambo ya uwanja, katikati ya migomba, nyumba ya mianzi ya babu, mzaa baba.

Na babu na mama yangu hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Mnashangaa? Nyie wa rika langu wa kule kwetu hamshangai. Tunaita kutila. Mkwe wa kike anamwogopa baba mkwe, na huko kuogopa ndiyo heshima yenyewe. Asimtazame, asimsemeshe, asikanyage nyumba yake, hata jina lake asilitamke. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia porini, anajifunika nguo kichwani, anampa mgongo mpaka mzee apite. Na siyo kwamba unafanya mwaka mmoja halafu basi. Ni maisha. Sasa mtoto nani anamweleza hayo? Sisi tulikuwa hatuelezwi kitu. Tunaona, halafu tunajaziliza wenyewe kichwani.

Mimi nilichoona ni hiki. Babu akitoka kwake, kabla hajafika kwenye kona ya migomba, anakohoa. Koh-koh. Kikavu, kifupi, kama mtu anagonga mlango. Mama popote alipo, anatwanga, ana kuni kichwani, anafua, anaacha hapo hapo. Anaruka kwenye migomba, kanga kichwani. Babu anapita polepole na fimbo yake, anaangalia mbele kama vile kwenye hiyo migomba hakuna mtu. Akishapotea, mama anatoka, anaokota mchi, anaendelea.

Nikajumlisha mwenyewe. Babu ana kifua kibaya, cha kuambukiza, na mama anakikimbia.

Tena nikaona nimeelewa vizuri sana, maana chakula cha babu mama hapeleki, napeleka mimi. Anapika mbalaga, zile ndizi zetu na maharage, ikipatikana nyama anaweka nyama. Anachagua zile ndizi nene, anazipanga kwenye bakuli, anafunika na jani. "Kapeleke kwa baba. Usikimbie, utamwaga." Nikawa najiuliza, kwa nini mimi sikimbii kikohozi? Nikajijibu labda watoto hakiwapati.

Babu anakula taratibu. Na kila siku lazima abakize kipande kimoja cha nyama, kile kizuri, chenye mafuta. Anakifunika tena na jani. "Mrudishie mama yako. Mwambie mimi mzee, nyama meno yangu hayaiwezi."

Muongo! Meno yake mazima, alikuwa anamenya muwa nayo mpaka pingili ya mwisho.

Mimi napeleka. Mama anapokea bakuli kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, hapo hapo jikoni, na aliyeleta ni mimi kibogoyo! Halafu anakaa kwenye kigoda anakula kile kipande mwisho kabisa, anatafuna kama anasali. Mimi namtumbulia macho. Huyu anayekimbia kikohozi cha babu, mbona anakula nyama aliyoishika babu?

"Mama, huogopi?"

"Namwogopa sana," akasema, huku analamba kidole. Nikaona watu wazima wana wazimu.

Basi nikaamua nimtibu mimi. Nikamponya babu, mama ataacha kukimbia, tutakaa wote kwenye moto mmoja. Kulikuwa na majani machungu nyuma ya nyumba, yale tuliyonyweshwa tukiumwa tumbo. Nikayaponda kwenye jiwe, nikatia maji, nikakamua kwa kanga yangu chafu. Likatoka limaji la kijani, zito, lina povu juu. Nikampelekea kwenye kibuyu.

"Nini hiki, Atu?"

"Dawa. Ya kifua."

Akaniangalia. Babu alikuwa na macho ya kucheka hata akiwa hajacheka. Akauliza, "Nani anaumwa kifua?"

"Wewe. Unakohoaga pale kwenye kona."

Sasa hapo babu angeweza kuniambia. Ilikuwa neno moja tu. Lakini akakipokea kile kibuyu kwa mikono miwili kama vile mama alivyopokea bakuli, akanywa. Yote. Nikaona shingo inavyoruka. Machozi yakamtoka. Akafuta mdomo, akasema, "Ndaga fijo, daktari wangu." Asante sana, kwa kwetu.

Kesho yake kwenye kona, koh-koh. Nikasema majani yalikuwa machache. Nikaongeza. Akanywa tena. Nikazidi kuongeza. Masikini mzee wa watu, nilimnywesha uchungu sijui mpaka lini, na kila siku anasema ndaga fijo, na kila siku anakohoa.

Halafu ikaja ile mvua. Ng'ambo ya mto kulitokea msiba wa ndugu, wanaume wote wa pale kwetu wakaenda kuzika, pamoja na baba mdogo ambaye ndiye alikuwa anamwangalia babu. Babu akasema miguu haitaki, akabaki. Walipokuwa huko mto ukajaa, daraja la magogo likaenda na maji. Tukabaki wanawake na watoto. Na wanawake wa pale, nyie mnajua ilivyo, wote walikuwa wameolewa kwenye ukoo ule ule. Wote wakwe zake. Hakuna hata mmoja wa kukanyaga kwake.

Tulikuwa jikoni, mama anakaanga mahindi. Nikasikia babu anakohoa. Mimi nikasubiri mama aruke. Hakuruka. Akabaki na kijiti mkononi, mahindi yanaungua, ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Hicho siyo cha njiani," akasema.

"Nini?"

"Hicho siyo cha njiani. Hicho kinatoka chini. Kimbia kaangalie."

Hapo ndiyo nikajua kwamba vikohozi viko viwili. Kimoja babu alikuwa anakohoa kwa ajili ya mama, kumpa nafasi, asimkute mtoto wa watu ameinama kwenye matope hajajifunika, asimwaibishe. Kumbe siku zote zile mama hakuwa anakimbia. Alikuwa anajibu. Na mimi niliyekuwa naingia kwake kila siku, ninayejua mpaka kucha zake, nisingeweza kutofautisha. Mama ambaye hajawahi kumwona, alitofautisha akiwa jikoni, mvua inapiga juu ya nyasi.

Babu alikuwa amelala ubavu, anatetemeka, moto umezimika. Nilipopiga kelele mama akaja mbio, lakini mlangoni akasimama kama amegonga ukuta. Akazunguka nyuma ya nyumba. Ukuta wa mianzi ulikuwa na nafasi nafasi, akasimama pale nje kwenye mvua, kanga kichwani, kageuza mgongo, akawa ananituma kupitia kwenye ukuta.

"Washa moto. Chukua kaa jikoni kwetu, funika na kigae. Mwambie baba ajigeuze upande wa moto."

"Babu, mama anasema ujigeuze."

"Mwambie mama nimejigeuza."

"Mama, anasema amejigeuza."

"Mwambie naenda kuchemsha maziwa. Anywe yakiwa ya moto."

"Babu, anasema..."

"Mwambie nitakunywa."

Nikachoka. Mtoto mdogo, huku nimebeba kaa, huku nabeba maneno. Nikapiga mguu chini. "Si mnasikiana jamani! Kwa nini msiongee?"

Babu akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kile cha chini, mpaka nikashika mgongo wake kwa mikono yote. Nikasikia na nje mama anacheka, kidogo, kwenye kanga. Ndiyo mara moja tu nilisikia wakicheka pamoja, na kati yao kuna ukuta.

Tukaendelea hivyo. Mama analeta uji mpaka pale nje, ananipitishia mlangoni kwa mkono bila kutazama, anarudi nyuma ya nyumba. Mvua haikati. Babu anazidi kuishiwa pumzi. Halafu jioni bado kuna mwanga, babu akanivuta karibu. Lakini hakuongea polepole, aliongea kwa nguvu yote aliyobaki nayo, maana hakuwa anaongea na mimi.

"Mwambie mama yako aingie. Akae hapa kwenye moto. Ananyeshewa. Mwenye kuogopwa ni mimi, na mimi nimesema basi."

Sikuhitaji kufikisha. Nje ikasikika mvua peke yake. Kwenye nafasi ya mianzi nikaona kiganja cha mama. Amekiweka kwenye ukuta, kimekunjamana kwa maji. Sasa kwa ukoo wetu njia ya kumfungulia mkwe ilikuwepo. Mzee anaita ndugu zake, anatoa ng'ombe, anasema mbele ya watu kwamba huyu amekuwa binti yangu, apite. Lakini watu wako ng'ambo ya mto. Angeingia hivi hivi, nani angesema aliitwa? Mtoto kibogoyo? Ingesemekana mwenye mume migodini ameingia kwa baba mkwe. Na likitokea jambo, hata mtoto akiugua, yeye ndiye amelileta.

"Mwambie baba ndaga," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu amebeba kitu kizito. "Mwambie nitaingia watu wakirudi. Aseme mbele yao."

Babu akafumba macho. "Mwambie haya. Nitasubiri."

Asubuhi mvua ikakata. Jua likatoka lile la kwetu la baada ya mvua, kila kitu kinafuka moshi. Mama alikuwa uwanjani anafagia maji, mimi nimekaa kizingitini kwa babu. Nikamsikia anajisogeza. Akainua kichwa akaangalia mlango, kama mtu anayetaka kutoka, akakohoa. Koh-koh. Kikavu, kifupi. Cha njiani.

Mama akaacha ufagio. Akaingia kwenye migomba, kanga kichwani, akageuza mgongo, akainama kumpisha apite.

Nikamwangalia babu, na babu alikuwa ameshapita.

Mama yuko pale kwenye migomba, anasubiri. Anasubiri hatua za fimbo. Matone ya majani tap, tap. Mwisho akaita, bado kageuza mgongo, "Atu, baba ameshapita?"

Watu walirudi mto ulipopungua. Walimzika, na mama alilia na wanawake wenzake kule mbali, amejifunika, kama desturi. Uso hakuuona. Na sisi hatukuwa na picha, picha nani angetupiga.

Mama yangu amezeekea mikononi mwangu, hapa hapa Igowole. Uzee wake wote alikuwa na swali moja. Tunamenya maharage, mara anauliza, "Hivi Atu, baba mkwe alikuwa na sura gani?" Namwambia alikuwa mweusi, sikio lina tundu. "Hayo ulishaniambia. Sura." Namwambia macho yake yalikuwa yanacheka. "Yanachekaje?" Nyie, unamwonyeshaje mtu macho yanavyocheka? Mtoto hatunzi sura, anatunza kucha na harufu ya ugoro. Siku nyingine anajisemea mwenyewe tu, "Aliniita. Mtu ananiita, ananionea huruma nanyeshewa, mimi nikaogopa watu walioko ng'ambo ya mto." Ameondoka na hilo. Nyama ya yule mzee amekula, sauti yake alikuwa anaijua kuliko mwanae aliyemzaa, lakini kaburini kaenda hajui anafananaje.

Sasa njoo humu ndani mwetu. Mume wa Vaileti, mjukuu wangu, yeye ni wa kusafirisha mbao, Mbeya leo, kesho Makambako, nyumbani haonekani. Kwa hiyo Vaileti anashinda na baba mkwe wake, ambaye ni mwanangu Gidioni. Na anamwita "dingi"! Wanakaa kochi moja wanaangalia tamthilia, anachukua chipsi kwenye sahani yake. "Dingi na wewe, acha uchoyo!" Anaingia chumbani kwake hajabisha hodi kutafuta chaja ya simu. Mwanzoni nilikuwa nasikia aibu mpaka masikio yanawaka. Nilimwambia Gidioni, "Huyu mtoto hana adabu." Gidioni akacheka, "Mama, dunia imebadilika." Mimi nikakohoa, nikaenda zangu.

Halafu Gidioni akaugua tumbo, akapasuliwa. Tukamrudisha nyumbani hawezi hata kukaa. Siku hiyo nimefika mlangoni kwake, nimeshakohoa, nakuta mlango wazi. Gidioni anatapika. Vaileti amempakata kichwa, mkono mmoja umeshika beseni, mwingine unamfuta paji la uso. "Toa tu dingi, toa yote, niko hapa." Anamtazama usoni kabisa, karibu hivi.

Nililia nyie. Nililia mpaka wakaniletea kiti. Vaileti ananibembeleza, "Bibi usilie, dingi atapona." Nikaitikia ndiyo. Ningemwambia nini? Kwamba nalia kwa ajili ya mwanamke aliyesimama nyuma ya ukuta kwenye mvua? Ule mkono uliokuwa unamfuta Gidioni, mama angetoa ng'ombe wote wa dunia aupate kwa mchana mmoja tu.

Na bado, nisiwadanganye, na kile kikohozi nakitamani. Humu ndani hakuna anayempisha mtu. Nikikohoa koridoni wananijibu, macho yao kwenye simu, "Ingia tu bibi, mlango uko wazi." Uko wazi ndiyo. Ila hakuna aliyewahi kuacha anachofanya kwa sababu amenisikia nakuja. Wao wana uso, sisi tulikuwa na kikohozi. Nani angetupa vyote?

Jana nimefika mlango wa sebule, koh-koh. Akatoka mbio Glori, mtoto wa Vaileti, naye meno ya mbele hana. Kashika chupa nyekundu kwa mkono mmoja, kijiko kwa mwingine, kinamwagika mpaka kwenye kiwiko.

"Bibi, mbona huponi?"

Nikataka kumwambia. Neno limefika hapa kwenye ulimi, kwamba siumwi, kwamba hiki ni cha njiani. Nikamwangalia alivyokunja uso kwa kazi, anavyoshika kijiko kisimwagike, mtu mzima kuliko mimi. Nikasema moyoni, kumbe. Kumbe ndiyo maana babu naye hakuniambia.

"Fungua mdomo," Glori akasema.

Nikapokea kijiko kwa mikono miwili, nikanywa. Tamu kama soda. Nikafumba macho kama vile ni chungu.

"Ndaga fijo, daktari wangu."